Pini ya Ishirini na Tano

Umepita hapa, usikatae. Jana ulipita, juzi ulipita, na ile asubuhi ya mvua ulipita umevua viatu umevishika mkononi. Ulishuka kwenye teksi pale Bwaise, ukaruka mfereji, ukanyoosha kidole, baiskeli ikaja. Ukakalia mto wa karia, nyuma ya mwendeshaji, ukageuza uso kule kwenye maduka. Hukutazama chini. Na chini, shibiri moja kutoka pindo la suruali yako, palikuwa na cheni iliyokwisha.

Saa moja kasoro robo asubuhi, Alum anaitazama kwa niaba yako.

Amechuchumaa juu ya gunia kando ya barabara ya Bombo, mgongo ameuegemeza kwenye kibanda cha mabati. Ana miaka arobaini na tisa na magoti ya mtu wa sabini. Mbele yake baiskeli nyeusi imesimama kwa stendi yake, na mwenyewe yuko nyuma anapiga miayo. Kwa mkono wa kushoto Alum anakandamiza pedeli mpaka cheni inakaza. Kwa mkono wa kulia anailaza juu yake rula ya chuma ya inchi kumi na mbili, sifuri ya rula ikiwa katikati ya pini moja. Midomo inaanza kwenda bila sauti. Anahesabu pini.

Anafika ya ishirini na tano. Anasimamisha ukucha hapo, anainama mpaka pua inakaribia kugusa chuma.

"Kakule," anasema bila kuinua macho. "Hii cheni imekufa."

"Imekufa namna gani, Mama, na jana imenipeleka Kawempe mara tisa?"

"Imekupeleka ikiwa maiti."

Kicheko kinatoka upande wa pili wa kibanda. Ni Erinayo, mziba tyubu, mwanamume mwenye goti la kulia lisilokunjika. Kila siku anakaa hapo juu ya kreti la soda, mguu kaunyoosha mbele kama mtu anayezuia njia.

"Msikilize Mama Rula, ssebo," anamwambia Kakule. "Mimi nilipewa nilichoomba. Ona." Anagonga goti kwa pampu, ko, ko, kama anabisha hodi.

Kakule hacheki. Ana miaka ishirini na minane. Alitoka upande wa Butembo, Kongo, miaka mitatu iliyopita, yeye na mkewe Marlène na bunda moja la vitenge, na tangu hapo miguu yake ndiyo shamba lake. Nauli ya Bwaise hadi Kawempe ni shilingi mia tatu. Siku njema, akishakula, anabaki na elfu tatu. Safari ya kwanza ya kila asubuhi haina nauli, maana anayempandisha ni Marlène mwenyewe na bunda lake kwenda sokoni Kawempe. Leo tu Marlène amebaki nyumbani, tumbo la miezi saba limemlemea.

"Mama, kata tu pingili, niende," anasema. "Imelegea kidogo. Ukikata itakaza."

"Mi sikati."

"Dawudi anakata. Mia mbili tu."

"Basi nenda kwa Dawudi. Mimi sikati."

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la Bwaise nzima. Cheni ikilegea, mwendeshaji anaamini imerefuka kama mpira wa suruali. Anamwambia fundi atoe pingili mbili, maana moja peke yake haitoki, aunganishe tena. Cheni inakaza kweli. Mwendeshaji anafurahi, analipa, anaondoka. Hakuna kilichotengenezwa.

"Chuma hakivutiki," anasema Alum, huku akifuta rula kwa kanga. "Kinachokwisha ni pini, ndani, mahali usipoona. Kila pini inalika kidogo, kama unywele. Lakini ni zaidi ya mia. Nywele mia ni kitu. Sasa wewe unatoa mbili, zilizobaki zote ni zilezile mbovu. Umepunguza urefu, ugonjwa umeuacha."

Kinachozila pini hizo unakijua, kwa sababu ndicho kilichokuvua viatu. Mahali pakavu, cheni ya baiskeli ya mzigo inaweza kumaliza mwaka. Hapa, anasema Alum, miezi minne. Mwaka wa mafuriko, mitatu. Maji yakishuka huacha tope lenye mchanga laini kama unga wa mhogo. Waendeshaji humwagia oili chafu ya gereji juu ya tope hilo, wakidhani wanailisha cheni. Wanailisha mchanga. Oili inaushika mchanga ndani ya pingili na kazi ya kusaga inaanza.

Ukutani pa nyumba iliyo nyuma ya kibanda kuna alama tatu za rangi. Nyekundu ilipakwa mwaka 1988 na watu waliokuja kupima njia ya mfereji mpya. Nyeupe ilipakwa mwaka 1994 na watu wengine waliokuja kupima mfereji uleule. Ya buluu ni ya mwaka juzi. Alum anazijua zote tatu kwa tarehe, na anajua pia mstari wa nne, wa kahawia, ambao hakuna aliyeupaka. Huo ni wa maji yenyewe, na uko juu ya zote. Mwaka huu wa 2002 maji yameingia chumbani mwake mara nne. Kodi ya chumba, elfu kumi na tano kwa mwezi, haijawahi kupungua kwa sababu ya maji.

Alizaliwa karibu na Lira. Kiswahili alikiokota kambini, kwa kuwa mumewe, Ochan, alikuwa koplo wa karakana katika jeshi lililoshindwa Januari 1986. Wenzake wengi walikimbilia kaskazini. Ochan naye alikwenda, akarudi mwaka uliofuata na mkewe na sanduku la spana, akafungua kazi ya baiskeli hapa Bwaise, kwa kuwa hapa ndipo baiskeli zilikuwa nyingi na maswali machache. Kiinua mgongo hakupewa. Alichopewa ni jina ambalo majirani walimwitia dirishani. Halina haja ya kuchapwa hapa, waliolitamka wanalikumbuka.

Mwaka 1991 Ochan alikufa kwa ule ugonjwa wa kukonda. Sanduku likabaki: spana saba, nyundo, msumari mnene wa kung'olea pini, na rula ya chuma.

"Mimi nilijua kuziba tairi, na kukaza spoki nusunusu," anasema Alum. "Rula nilidhani ni ya kupigia mistari. Nikaifanya ya kukwangulia tope."

Miaka miwili aliikwangulia tope. Kisha akaja Erinayo.

Wakati huo Erinayo alikuwa mwendeshaji wa miaka ishirini na sita, na stendi nzima ya baiskeli za abiria hapakuwa na mapaja kama yake. Cheni yake ilikuwa imelegea. Alimwendea Alum kwa sababu kwa wengine palikuwa na foleni.

"Aliniita fundi," Alum anakumbuka. "Wengine wote walikuwa wananiita mjane wa yule askari. Huyu akasema, 'Fundi, nikatie pingili.' Angeniambia nimkatie kichwa, ningekata."

"Ungekata vizuri," anasema Erinayo. "Mkono wako ulikuwa mzuri tu."

Alimkatia. Baada ya miezi miwili Erinayo akarudi, akamkatia tena. Wiki ya tatu tangu siku hiyo, Erinayo alikuwa anapanda kilima cha Kawempe na abiria nyuma, mwalimu wa shule ya msingi aliyepakata daftari za darasa zima. Mwinuko ulipokaza, alisimama juu ya pedeli kama wanavyosimama wote. Cheni ikapanda juu ya meno, ikakatika.

"Mguu ulikwenda ndani ya hewa," anasema Erinayo, na hapo utani wake unapumzika kidogo. "Unakanyaga kitu miaka yote, siku moja hakipo. Mimi nikaangukia kushoto, kwenye mawe. Mwalimu akaangukia kulia. Na kulia palikuwa na lori la mchanga."

Lori lilifunga breki. Mwalimu aliishi, nyonga imevunjika, na darasani hakurudi. Daftari ziliokotwa na wapita njia. Je, ulikuwa miongoni mwao? Gazeti hili halikuandika hata mstari mmoja. Mwaka huo wa 1993 kulikuwa na habari kubwa zaidi, kama ilivyo kila mwaka.

Wiki chache baadaye Alum alinunua cheni mpya kwa ajili ya mteja mwingine. Aliifungua kwenye karatasi yake yenye grisi, akailaza juu ya ubao, na kando yake kwa bahati akaiweka rula. Akaona pini imekaa juu ya sifuri. Akafuata kwa macho mpaka mwisho wa rula. Juu ya alama ya kumi na mbili palikuwa na pini, katikati kabisa, kama imepimiwa hapo. Akahesabu: ishirini na tano, pamoja na ile ya sifuri.

Akaenda kwenye msumari alikotundika cheni iliyomwangusha Erinayo. Akailaza, akaivuta, akahesabu. Pini ya ishirini na tano haikuwa juu ya kumi na mbili. Ilikuwa imeipita kwa vistari viwili vidogo.

"Nikakaa chini," anasema. "Ochan hakuwa anapiga mistari. Jibu lilikuwa mkononi mwangu miaka miwili, mimi nakwangulia tope."

Tangu siku hiyo hajakata pingili ya mtu. Amejifunza, kwa cheni nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, kwamba pini ikipita kwa kistari kimoja, wakati umefika: badili cheni, meno bado mazima, umetoa elfu tano na mia tano umemaliza. Ukingoja vistari viwili, cheni imeshayachonga meno ya friwili, lile gurudumu dogo la nyuma, yamekuwa makali kama ya msumeno. Hapo hata ukifunga cheni mpya itaruka juu ya meno hayo, kwa hiyo friwili nayo lazima itoke, elfu nne nyingine.

"Cheni ukiiacha inakula friwili," anasema. "Friwili ikikwisha, inakula mtu."

Cheni ya Kakule imepita vistari viwili na nusu.

Elfu tisa na mia tano ni zaidi ya siku tatu njema za Kakule, bila chai wala sabuni. Anaitazama rula, anamtazama Alum, anaisukuma baiskeli kuvuka mfereji kwenda kwa Dawudi. Alum hamsemi vibaya Dawudi. "Ana watoto sita. Anauza anachoombwa," anasema, na anageukia tairi nyingine.

Baada ya robo saa Kakule anarudi amepanda, cheni imekaza kama uzi wa gitaa. "Unaona, Mama? Mungu iko," anasema akipita, na anajipanga kwenye foleni ya stendi.

Abiria wake ni bwana mmoja mwenye faili la kaki kwapani, viatu vimeng'arishwa, gazeti limekunjwa mfukoni. Huenda ni gazeti hili. Amenyoosha kidole, amekaa, amegeuza uso kwenye maduka.

Alum anasimama. Kusimama kwake ni kazi. Anashika kwanza bati, halafu goti. Hatazami, anasikiliza. Cheni mbovu husikika kabla ya kuonekana.

Kutoka kibandani unaona theluthi ya kwanza ya mwinuko. Kakule anafika hapo, anainuka juu ya pedeli. Tak. Bwana mwenye faili hasikii. Tak, tak. Mguu wa kulia wa Kakule unazama, baiskeli inayumba katikati ya barabara, tipa linapiga honi ndefu. Bwana anaruka. Kakule anatupa mguu chini, anaishika baiskeli kwa kifua chake, na tipa linapita karibu kiasi kwamba shati lake linapepea.

Cheni haikukatika. Imetoka kwenye meno inaning'inia.

Bwana anakung'uta faili, anasema neno ambalo halifiki kibandani, anavuka hatua nne, ananyoosha kidole. Baiskeli nyingine inakuja. Anakaa. Cheni ya hiyo ikoje? Hakutazama.

Kakule anarudi akisukuma. Anaiegemeza baiskeli kwenye kibanda. Erinayo analisogeza kreti lake, anampa nafasi.

"Kaa," anasema. "Mguu wako bado unakunjika. Kaa nao."

Kakule anakaa. Analikunja goti, analinyoosha.

"Nilisikia yule mutu anapumua shingoni mwangu," anasema. "Halafu sikumsikia tena. Nikafikiri, kesho hapo nyuma ni Marlène."

Alum hamkumbushi kwamba alimwonya. Anachukua msumari na nyundo, anaitoa cheni, anaitundika ukutani. "Baiskeli ilale hapa," anasema. "Leta cheni na friwili pamoja, nitafunga, sitaki pesa ya kazi. Kimoja bila kingine usiniletee."

"Mpaka nikope hiyo pesa, Mama, ni siku tatu bila baiskeli, siku tatu bila ugali wa posho."

"Najua. Mimi pia nakula posho."

Siku njema Alum hupata elfu mbili na mia tano. Zimekuwa chache, kwa sababu kila anayemkatalia kukata anavuka mfereji. Si hilo linalomchosha zaidi. Kinachomchosha ni macho. Vile vistari vya rula havionekani kama zamani; ndiyo sababu ya kuinama mpaka pua iguse chuma.

"Macho yangu yatakwisha kabla ya cheni za watu," anasema. "Siwezi kuzipima zote. Nataka wapime wenyewe."

Ana mpango, na mpango wenyewe ni mdogo mpaka unatia aibu kwamba haujafanyika. Rula moja ifungwe kwa waya kwenye nguzo ya stendi. Kila Jumatatu asubuhi kila baiskeli ipimwe. Kistari kimoja, mwenyewe anapewa wiki moja. Vistari viwili, haiingii foleni. Kupima atawafundisha bure. Amekwisha kuandikiwa barua mbili za kupeleka ofisi inayohusika. Ya kwanza ilirudishwa, akaambiwa haina muhuri. Ya pili ilijibiwa kwa mdomo mlangoni: baiskeli hazina idara.

Akamwendea Wanjala, mwenyekiti wa stendi, mtu wa Busia mwenye sauti ya kukwaruza. Mwezi uliopita Wanjala aliliweka jambo mbele ya waendeshaji wake sitini na wanne. Mikono iliyopanda ni kumi na mmoja. Wa Kakule haukuwamo.

"Sikatai," anasema Wanjala, ambaye amefika kuona tipa lilifanya nini. "Lakini, mama yangu, nikiweka sheria hiyo, vijana watahamia stendi ya ng'ambo. Kwa nini wasihame? Abiria anapanda yoyote. Hajali cheni, anajali mto kama ni safi. Siku abiria atakapoikataa baiskeli mbele ya macho yao, hata wawili, watatu, mikono itapanda yenyewe. Mimi sitahitaji hata kuongea."

"Lini mnapiga kura tena?" anauliza Kakule.

"Jumamosi, saa tatu asubuhi."

"Wangu utapanda."

"Kumi na wawili," anasema Erinayo. "Bado ishirini na mmoja, tuwe nusu na mmoja. Mama Rula, tafuta miguu mingine ya kuvunja."

Alum anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kisha anainama tena. Baiskeli nyingine imefika, nyekundu, karia imefungwa kamba. Anakandamiza pedeli. Anaweka sifuri juu ya pini. Midomo inaanza kwenda.

Sasa ni wewe. Kwa hesabu ya Erinayo imebaki mikono ishirini na mmoja, na Wanjala amesema inakungoja wewe, abiria, na ofisi hutasubiri, maana ofisi imeshajibu. Rula huna, wala huihitaji. Alum amekuachia njia ya kidole, ile anayowafundisha wasioweza kuhesabu. Kesho asubuhi, pale Bwaise, kabla hujakaa, chuchumaa. Ndiyo, wewe, na viatu vyako hivyo. Tazama lile gurudumu kubwa la meno penye pedeli. Ishike cheni mbele yake kabisa, kwa vidole viwili, uivute kuelekea mbele. Ikikataa kuachana na meno, kaa uende kazini. Ikiinuka, ukaona mwanga kati ya cheni na jino, inuka.

Mwambie mwenyewe kwa adabu, kwa sauti ambayo stendi nzima itasikia: hii sipandi, ipeleke kwa Alum. Mlipe mia tatu zake. Si yeye aliyelileta tope hili. Kisha nenda kwenye inayofuata, uivute nayo.

Kura ni Jumamosi. Utachafuka vidole. Chafuka.